Mkoba wa Mawe ya Mizani

Nakiru alitumia mkono wa kushoto. Wanawake wanaosuka kando ya barabara pale Lodwar, karibu na mto Turkwel, wote huzungusha kazi yao kuelekea upande mmoja, yeye akazungusha kuelekea upande mwingine. Alipokuwa msichana mama yake alijaribu kumgeuza, hata akamfunga mkono kwa kitambaa, akashindwa. Basi kila kikapu na kila mkoba uliotoka mikononi mwake ulikwenda kinyume, na yeyote anayejua kusuka aliutambua mara moja.

Mumewe, Lomorukai, alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu. Aliwanunua pale Kerio, ziwani, akapakia magunia kwenye lori na kwenda kuuza Kakuma, kambini, ambako wakimbizi wa Sudan Kusini hupenda samaki mkavu kuliko nyama. Alisafiri na mizani yake mwenyewe ya sahani mbili, kwa sababu hakuamini mizani ya mtu mwingine, na yale mawe ya chuma ya kupimia yalitoboa kila mfuko alionunua dukani. Ndipo akamwomba mkewe amsukie kitu kidogo kisichochanika.

Nakiru alifanya kazi hiyo kwa makini. Alikata majani machanga ya mkoma yakiwa bado yamejikunja katikati ya mti, akayakausha kivulini ili yasivunjike, akayachana kwa ncha ya sindano mpaka yakawa miyaa myembamba, kisha akayaloweka. Alianza na kitako. Kila mzunguko aliutoboa na kuufunga kwenye ule wa chini yake, akauvuta mpaka vidole vikauma, kiasi kwamba maji yangeweza kukaa ndani kwa muda kabla hayajaanza kudondoka. Mkanda wa kubebea aliusokota kwa nyuzi za mkonge wa porini, akaupitisha chini ya kitako na kuupandisha upande wa pili, ili uzito wa chuma uanguke kwenye mkanda, si kwenye mshono. Mkoba wenyewe ulikuwa mdogo, kama kichwa cha mtoto mchanga. Mtu angeweza kuukalia usibonyee.

Katika miaka yao ya ndoa alisuka mikoba kadhaa ya namna hiyo. Mmoja ulipochakaa alisuka mwingine. Kuna mmoja ambao Lomorukai alirudi akisema umeanguka kutoka kwenye lori, na huo ulimuuma Nakiru, kwa maana ndio uliokuwa mzuri kuliko yote, wenye ukanda mweusi katikati alioupaka rangi ya mizizi. Alinung'unika asubuhi nzima. Mchana akaenda kukata majani mengine.

Lomorukai alikufa mwaka ule mvua zilipozidi. Lori lilikuwa likielekea Kakuma, likafika kwenye laga, moja ya yale mabonde ya mchanga ambayo huwa makavu mpaka siku yanapogeuka mto. Mvua haikuwa imenyesha hapo. Ilinyesha mbali, milimani, na mchanga ulikuwa na maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu tu. Dereva akajaribu kuvuka, gari likazama magurudumu. Abiria wote wakashuka, wakakaa ukingoni kungoja msaada. Lomorukai akarudi kuchukua mizani na mkoba wake kwenye kabini ya dereva, na hapo maji yakaja kwa pamoja, mazito, yenye matawi na mizoga ya mbuzi. Alipatikana mbali sana, amenaswa kwenye miiba. Magunia yake ya samaki yalibaki juu ya lori yakiwa makavu.

Nakiru aliambiwa habari hiyo akiwa anasuka. Alimaliza mzunguko aliokuwa nao mkononi, kisha akasimama.

Alinyolewa nywele. Aliondoa shanga shingoni. Katekista alikuja akasali, na mwanawe Losike, mwalimu wa shule ya msingi kule Lokori, akaja akalia mpaka sauti ikakauka, kisha akarudi kazini. Wanawake walikaa naye siku nyingi wakingoja alie, maana mjane asiyelia huwatia watu hofu. Hakulia. Hakuwa amejizuia. Alipoulizwa kama amekula alijibu ndiyo, na ilikuwa kweli, alikula kwa sababu chakula kiliwekwa mbele yake. Siku moja sindano ilimchoma kidole gumba ikaingia sana, akakaa akitazama damu ikichuruzika kwenye miyaa kama ya mtu mwingine, mpaka rafiki yake Nangiro akamnyang'anya kazi.

Watu walipompita barabarani na kumsalimu, "Ejoka, Mama Losike?" alijibu, "Ejok." Waliozidi kumuuliza moyo unaendeleaje aliwaambia, "Niko tu." Hilo ndilo lililokuwa jibu lake, na baada ya miezi kadhaa hakuna aliyeuliza tena.

Hivyo ndivyo alivyokuwa siku ile Agot alipofika.

Alikuwa mwanamke mrefu, Mdinka, amefunga shuka begani kama wafungavyo wanawake wa kwao, na vumbi la safari lilikuwa limemfika kwenye kope. Alikuwa amepata kibali cha kutoka kambini kuja hospitali ya Lodwar, na hospitali alikuwa amemaliza. Alianza na mwanamke wa kwanza kwenye mstari wa wasusi, akatoa kitu kutoka kwenye mfuko wa nailoni, akamwonyesha, akauliza. Yule akatazama, akatikisa kichwa. Akaenda kwa wa pili, naye akatikisa kichwa. Nakiru hakuinua macho mpaka alipogundua kwamba wanawake wote wamenyamaza.

Mgeni alikuwa amefika kwa Nangiro. Nangiro aliushika ule mkoba kidogo tu, akaurudisha haraka, akasema kazi hiyo si ya hapo, labda ajaribu sokoni, labda Kalokol. Alikuwa amempa Nakiru mgongo makusudi ili asione. Lakini mgeni alikuwa mrefu, na mkoba alikuwa ameuinua juu, na ukanda ule mweusi ulionekana wazi.

"Lete nione," Nakiru alisema.

Aliupokea. Ulikuwa umetumika sana. Kitako kilikuwa kimeachia upande mmoja na mkanda umebaki nyuzi chache, lakini mizunguko ilikuwa bado imeshikana. Aliugeuza huku na huku. Alingoja kitu fulani kimpande kifuani, hasira au kizunguzungu, chochote. Hakikupanda.

"Hii ni kazi yangu," akasema. "Imetoka kitako. Keti, nitengeneze."

Nangiro alimtazama kwa jicho la kumwonya. Nakiru akachovya miyaa kwenye debe la maji.

Agot aliketi kwenye mkeka. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kilichochanganyika na Kiarabu cha Juba, lakini kilieleweka. Alisimulia bila kuulizwa, kama watu wanavyosimulia mbele ya mtu ambaye mikono yake ina kazi. Alikuja Kakuma zamani, akiwa na mama yake aliyekufa baadaye. Alikuwa akiuza samaki rejareja kwenye soko la kambi, akinunua kwa mwanamume mmoja Mturkana. Mwanamume huyo alikuwa mtu wa maneno machache. Agot aliponunua kwake kwa muda, mwanamume alianza kumwachia baadhi ya mawe ya mizani amtunzie, ili asiyabebe kila safari, na mawe hayo yalikuwa kwenye mkoba huu. Baadaye akawa anakula kwake. Baadaye wakapata mtoto wa kike. Siku mtoto alipozaliwa upepo wa Kakuma ulikuwa umeng'oa mabati ya majirani, na baba yake akamwita Akuwam, upepo, kama Waturkana wanavyowapa watoto majina.

Nakiru alisikiliza. Alitoboa, akapitisha, akavuta. Aliona kwamba sehemu ya zamani ilikuwa imesukwa vizuri kuliko anavyoweza kusuka sasa.

Agot akaendelea. Mwanamume huyo hakuja tena tangu mvua. Simu yake haikuingia. Wachuuzi wenzake aliwauliza mara nyingi, wengine wakasema amehamia Nariokotome kununua samaki wa upande ule, wengine wakasema anaumwa, mmoja akasema amerudi kuchunga. Walikuwa hawamtazami usoni walipojibu. Kwa hiyo ulipopatikana wasaa wa kuja Lodwar, alikumbuka kitu ambacho mwanamume alikuwa amesema kuhusu mkoba.

"Alisema kuna mama Lodwar anatengeneza," Agot alisema. "Alisema hiyo mama mkono yake ni nguvu, hakuna ingine kama yeye. Mimi nilisema, nikipata hiyo mama, atajua mwenyewe iko wapi. Mimi sitafuti kikapu. Natafuta yeye."

Wanawake wote kwenye mstari walikuwa wameinamia kazi zao, na hakuna aliyekuwa akisuka.

Nakiru alivuta uzi wa mwisho wa mzunguko, akaukata kwa meno.

"Alikufa," akasema. "Maji ilimbeba pale laga. Tulimzika hapa."

"Nani alikufa?"

"Lomorukai. Mwenye alikupa hii."

Agot hakupiga kelele. Alikunjika polepole mpaka paji la uso likagusa mkeka, kisha kilio kikaanza, chini kwanza, kwa lugha yake, kikapanda na kushuka, na mwili wote ukatikisika nacho. Machozi yalitoboa vumbi usoni mwake yakaacha mistari. Nakiru alimtazama kwa makini. Alitazama jinsi mabega yanavyopanda, jinsi pumzi inavyokatika, jinsi mikono inavyotafuta kitu cha kushika. Akafikiri, kumbe ndivyo inavyofanywa. Akachovya miyaa mingine, akaanza kuufunga mkanda.

Ilichukua muda. Wateja wawili walikuja wakaondoka. Agot alipoinuka na kujifuta kwa ncha ya shuka, aliuliza swali ambalo Nangiro alikuwa akiliogopa tangu mwanzo.

"Wewe ni nani yake?"

"Bibi yake."

 Agot hakukana kwamba alijua, wala hakusema kwamba alijua. Baadaye aliwahi kueleza kwamba alidhani yuko mke mahali fulani, kama mtu anavyodhani kuna bahari mahali fulani.

"Na mimi?" akauliza. "Mimi ni nani yake?"

Nakiru alilifikiria swali hilo kweli. Kwa Waturkana mwanamume kuwa na wake wawili si habari ya kushangaza. Angemleta, Nakiru angekasirika, angemjengea kibanda upande wa pili wa boma, wangegombana juu ya maji na kuni, na maisha yangeendelea. Alichofanya Lomorukai kilikuwa kitu kingine. Alimweka mtu mahali ambapo hana jina.

"Sijui," Nakiru alisema. "Hakukuleta nyumbani."

Alimkabidhi mkoba uliotengenezwa. Kisha, kwa kuwa Agot alikuwa bado ameketi na kibali chake kilikuwa kinakwisha siku ile ile, Nakiru akajitanda kanga na kumpeleka kaburini. Hapakuwa mbali. Kaburi lilikuwa rundo la mawe na msalaba wa mbao ambao Losike alikuwa ameupaka rangi nyeupe. Agot aliokota jiwe akaliweka juu ya mengine, akasali kwa Kidinka. Nakiru alisimama kando. Alikuwa akiwaza kwamba miyaa aliyoiacha kwenye debe itakuwa imelowa kupita kiasi.

Baada ya mgeni kupanda gari, Nangiro alisema kwa uchungu kwamba angekuwa yeye angemfukuza kwa mawe. Nakiru akamuuliza kitu kimoja tu, kama alijua. Nangiro akavuruga mchanga kwa kidole kabla ya kukiri kwamba wake za madereva walikuwa wakisema, tangu zamani, lakini nani angekwenda kumwambia mtu neno kama hilo. Nakiru alisema ni sawa. Alirudi nyumbani, akawasha moto, akapika uji, akaunywa. Aliingoja hasira tena, kwa utulivu, kama mtu anayemngoja mgeni aliyeahidi kuja. Haikuja siku hiyo, wala siku zilizofuata.

Lililokuja ni jina la mtoto. Lilimkaa kichwani akiwa anasuka. Mwanamume aliyewaficha watu wote mtoto huyo alikuwa amempa jina la kwao, jina ambalo mtu akilisikia anajua ni la wapi.

Alikwenda kwa shemeji yake, Lokeno, kaka mkubwa wa marehemu, akamweleza yote. Lokeno alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamweleza kwa upole mambo ambayo Nakiru alikuwa akiyajua: mahari haikutolewa, hata mnyama mmoja. Kwa hiyo yule si mke, na mtoto ni wa watu wa mama yake. Hilo halikuwa jambo la ubaya wala la wema, ndivyo ilivyo. Tena ni mkimbizi, kesho anaweza kupelekwa Amerika au kurudishwa kwao. Nakiru hakubishana. Alimshukuru kwa maji aliyompa akaondoka.

Alikuwa na mbuzi wake mwenyewe, wachache, waliotokana na jike mmoja aliyepewa na baba yake alipoolewa. Hao hawakuwa wa Lokeno. Lakini masikio yao yalikuwa yamekatwa alama ya ukoo wa Lomorukai, kwa sababu walichungwa pamoja na wanyama wake. Nakiru alichagua jike mchanga ambaye mama yake alikuwa na maziwa mengi, akamfunga miguu, akaelewana na dereva wa lori la Kakuma.

Njiani walivuka ile laga. Ilikuwa kavu. Wanawake walikuwa wamechimba visima kwenye mchanga na walikuwa wakichota maji kwa vibuyu. Nakiru hakuwa ameiona tangu mazishi. Mtu aliyeketi karibu naye alimgusa bega, akamwonyesha mahali lori lilipokwama, bila kujua anamwonyesha nani, akaeleza jinsi mchuuzi fulani alivyorudi kuchukua mizani. Nakiru alitazama mahali alipoonyeshwa. Palikuwa na mchanga na kipande cha tairi. Mbuzi alilia, akamshika shingo mpaka lori lilipopanda ng'ambo.

Agot aliishi kwenye nyumba ya udongo yenye bati, ndani ya ua wa miiba, na majirani zake walitoka wote kumtazama Mturkana aliyekuja na mbuzi. Mtoto alikuwa mlangoni. Tayari alikuwa na miguu mirefu ya mama yake, lakini masikio yalikuwa ya Lomorukai, yaliyojitokeza kama vishikio vya chungu. Alimtazama mgeni bila woga, kisha akamwona mbuzi akakimbilia nyuma ya shuka la mama yake.

Agot alipika asida, ugali wa kwao, na samaki. Hawakuzungumza sana. Aliuliza habari za safari, Nakiru akasema ilikuwa nzuri. Aliuliza kama kweli hakulia tangu mumewe afe, maana Nangiro alikuwa amemnong'oneza hivyo pale Lodwar walipokuwa wakiondoka kwenda kaburini, na Nakiru akajibu bado. Agot aliitikia kwa kichwa tu. Hakumwambia kwamba ni vibaya, wala kwamba machozi yatakuja, na Nakiru aliona kwamba ni mara ya kwanza mtu kuliacha jambo hilo jinsi lilivyo.

Walipomaliza kula, Agot alimwambia kwamba mbuzi hawezi kumpokea. Ilikuwa shida kwa mkimbizi kufuga. Waturkana wa pale nje ya kambi hawakutaka wakimbizi wawe na mifugo, walisema malisho ni yao na wageni wamepewa chakula, na mtu aliyeonekana na mbuzi aliulizwa amemwibia nani. Palikuwa pametokea vita kwa sababu hiyo.

"Watakuja," Agot alisema. "Wataniuliza, hii mbuzi ni ya nani?"

Nakiru alimvuta mbuzi karibu, akamshika sikio, akamwonyesha Agot mahali palipokatwa.

"Waonyeshe hapa. Mturkana akiona hii anajua. Akiuliza ni ya nani, mwambie ni ya Akuwam, mtoto ya Lomorukai. Akikataa, aje Lodwar aniulize mimi."

Agot aliligusa sikio mahali palipokatwa. Kisha akamwita mtoto, akamshika mkono, akauweka juu ya mgongo wa mbuzi na kuubakiza hapo mpaka mtoto alipoacha kuutoa.

Habari ya mbuzi ilimfikia Lokeno, kwa kuwa habari za mbuzi hufika. Alikuja kwa Nakiru, akaketi, akasema kwamba alama ya ukoo haigawiwi na mwanamke. Nakiru alimwambia mbuzi alikuwa wake, na kama Lokeno anataka sikio la mbuzi aende Kakuma akalikate. Alisema hivyo bila kupandisha sauti, huku akichana miyaa. Lokeno alikunywa chai yake akaondoka, na hakulirudia jambo hilo, wala hakulikubali.

Nakiru aliendelea kusuka pale pale kando ya barabara. Nywele zake ziliota. Shanga alizivaa tena siku Nangiro alipomletea, akainamisha shingo avalishwe kama mtoto. Wakati mwingine alikwenda Kakuma, wakati mwingine hakwenda. Akiulizwa yuko vipi bado alisema yuko tu.

Mvua fupi zilipokwisha, Agot alimpigia simu. Mtandao ulikuwa mbaya na upepo ulikuwa ukipuliza upande wa kule, lakini alisikika akisema mbuzi amezaa, jike, na Akuwam amekataa kutoka zizini tangu asubuhi.

"Ni rangi gani?" Nakiru aliuliza.

Agot alisema ni nyeupe, na kichwa chake ni chekundu mpaka shingoni.

Nakiru alifumba macho akijaribu kumwona. Kisha akasema watamkata sikio kwa alama ile ile akishapata nguvu, wasiharakishe, atakuja mwenyewe kuwafundisha.